Papa wa Mipasuo Sita

Saru,

Umetoka sasa hivi kwenda kumuaga shangazi yako Mkamburi, na baba yako yuko barazani anafunga sanduku lako kwa kamba ya tatu, utadhani unasafiri na simba ndani. Jua bado liko juu. Nina saa mbili, pengine na nusu, maana shangazi yako hamwachilii mtu kabla hajamlisha. Nimekaa jikoni na karatasi ulizobakisha za shule, na kalamu hii inayotaka kutikiswa kila mstari.

Sitakuandikia habari za sweta, wala chakula cha Afrika Kusini, wala jinsi ya kuishi na wenzako bwenini. Hayo shangazi anakumiminia sasa hivi, na kesho baba yako atayarudia kwenye treni kutoka hapa Voi mpaka Nairobi. Wewe huna shida ya kujitunza. Mwenye shida ni mimi, na nimechoka nayo.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu wiki hii. Jumatatu tulipokuwa tunapara samaki nilifungua mdomo, nikakuuliza kama umenunua soksi. Jumatano ulipokuwa unasukwa nilianza, "Saru, unamkumbuka yule papa?" Ukajibu bila kugeuka, "Mama, tuachane na hayo." Nikaachana nayo kwa furaha, kama mtu aliyepewa ruhusa. Ijumaa hata sikumbuki nilipata kisingizio gani. Nimejikasirikia mpaka kichwa kinauma. Acha niandike, karatasi haiwezi kuniangalia usoni.

Ni habari ya yule papa. Nitaieleza tangu mwanzo, hata yale unayoyajua, kwa sababu nimeivuruga mwenyewe kwa miaka minne na nataka angalau mara moja ikae sawa.

Ulikuwa fomu tuu, likizo ya Agosti, unanisaidia kibandani karibu na steji. Boksi la samaki analonitumia Bakari lilifika kwa basi kutoka Mombasa kama kawaida, barafu imeshaanza kuyeyuka, maji yanamchuruzikia makanga kwenye viatu na yeye ananung'unika. Tukaondoa changu, tukaondoa tafi, tukaondoa kolekole wawili. Chini kabisa alikuwa yeye.

Mimi nilizaliwa Mraru. Maji ya kwetu yalikuwa ya mtungi, na bahari niliiona nikiwa nimeshaolewa. Samaki nimewajua ukubwani, tena kwa kisu: huyu ana miiba, huyu hana, huyu anakunywa mafuta. Papa kwangu ilikuwa nyama isiyo na miiba ambayo wateja wanaipenda. Kwa hiyo nilimtazama mara moja, nikasema, "Papa," nikanyoosha mkono kuchukua kisu.

Wewe ulimkumbatia kabla sijakifikia. Hakuwa mkubwa. Alizidi urefu wa mkono wangu kidogo tu, mgongo wa hudhurungi, tumbo jeupe. Lakini pua yake ilikuwa ndefu, bapa, na pande zote mbili ina meno kama msumeno wa fundi. Na katikati ya msumeno huo, mahali ambapo huwezi kutegemea, zilining'inia ndevu mbili laini kama za kambare wa Ziwa Jipe.

"Mama, usimkate."

"Kwani ana nini?"

"Ngoja nihesabu."

Ukaweka kidole nyuma ya kichwa, pale kwenye mipasuo anayopumulia, ukahesabu kwa sauti. Ukamgeuza, ukahesabu upande wa pili. Ukarudia tena upande wa kwanza. "Sita. Huku sita na huku sita. Mama, papa ana mitano! Mwalimu Mghanga alitufundisha mitano."

"Wateja wangu hawali mipasuo," nikasema.

Ulikimbia kuchukua daftari na rula. Ukampima kutoka puani mpaka mkiani, ukamchora, ukahesabu hata meno ya msumeno moja moja huku midomo ikitembea. Nilikuacha kwa muda ule wa kuwasha jiko. Mafuta yalipopata moto na watu wakaanza kusimama, nikasema basi, yatosha. Ukanisihi tumweke mpaka shule ifunguliwe, Mwalimu amwone. Nikakujibu kwamba barafu imekwisha.

Barafu ilikuwa imekwisha kweli. Lakini jirani yetu wa duka la nyama alikuwa na friza, hatua kumi kutoka pale, na wewe ulijua, na mimi nilijua. Sikutaka kumwomba. Tulikuwa tumegombana juu ya maji machafu niliyokuwa nikimwaga nyuma, na nilikuwa nimeapa sitamwomba hata kiberiti. Ndiyo sababu, Saru. Ukiniuliza mnyama yule alikufa mara ya pili kwa nini, jibu ni maji machafu. Baadaye yule jirani alihamia Taveta na hata jina lake la pili silijui.

Nikamkata. Kichwa niliweka chini, na paka wakakichukua kabla sijageuka. Pua uliiokota wewe, ukaifunga kwa gazeti, ukaipeleka nyumbani, ukaipaka chumvi na kuiweka juu ya dari la jikoni ikauke. Nilikuona na nikacheka. Nyama ilikwisha kabla ya saa nane. Kuna mtu alirudi kuomba nyingine.

Mpaka hapo nilikuwa mjinga tu, na ujinga ungesameheka. Linalofuata ndilo sijawahi kumwambia mtu, hata baba yako.

Shule ilipofunguliwa ulimwambia Mwalimu Mghanga, na Mwalimu, mtu wa watu, akapiga simu huku na huku mpaka akampata mtafiti wa samaki Mombasa. Siku moja asubuhi Mwalimu akapita kibandani, anatabasamu. "Mama Saru, leo saa nane una mgeni. Mtu wa serikali. Anakuja kwa ajili ya yule mnyama wenu. Wanasema ni adimu sana."

Mtu wa serikali. Mnyama. Adimu. Maneno matatu tu.

Wewe umemjua mjomba wako Mwakisha kama mtu mkimya anayefuga kuku na asiyependa kukaa mezani na watu. Hakuwa hivyo. Alikuwa ndiye mwenye kelele nyumbani kwetu. Kabla hujazaliwa, alisimamishwa barabarani na askari wa wanyamapori akiwa na gunia, na ndani ya gunia mlikuwa na digidigi mmoja. Mmoja, Saru, mnyama mdogo kama mbuzi wa wiki tatu, na alikuwa na njaa ya kweli. Alifungwa. Mimi ndiye nilikuwa napeleka chakula gerezani, na mara nyingi nilirudishwa nacho. Aliporudi alikuwa mtu mwingine, na mama yangu alikufa akiwa bado anamsubiri yule wa kwanza.

Sisi wa huku tumezaliwa tumezungukwa na mbuga. Ndovu akila mahindi yako, hakuna anayekuja haraka. Wewe ukigusa cha porini, wanakuja siku hiyo hiyo. Hivyo ndivyo nilivyojua serikali na mnyama adimu. Sikujua kwamba kuna mtu anaweza kusafiri kutoka Mombasa kwa sababu tu anataka kuona.

Nilifunga kibanda. Nilipanda bodaboda mpaka nyumbani. Nikapanda juu ya kiti, nikachukua lile gazeti darini. Ilikuwa imekauka vizuri, ngumu, na zile ndevu mbili zimesinyaa kama nyuzi, lakini zipo. Nikaitazama. Nakumbuka nilifikiri: ameitunza vizuri. Kisha nikaenda chooni nikaitumbukiza shimoni, gazeti na vyote. Nikanawa mikono mara mbili, nikarudi kibandani.

Paka hawakuichukua ile pua, Saru. Nimekwisha sema.

Saa nane wakafika. Gari la kijani lenye nembo mlangoni, na yule mtafiti, Daktari Athumani, amevaa shati la kaki kama askari wa wanyamapori. Laiti angevaa kanzu, au fulana ya mpira! Wewe ulikuwa na sare ya shule, Mwalimu amekuombea ruhusa, uso wako unang'aa mpaka nikashindwa kuuangalia. Akanisalimia vizuri, akauliza biashara. Kisha akauliza yule papa nilimpata kwa nani, lini, alivuliwa wapi. Alikuwa na kalamu mkononi. Kila swali nilisikia mlango wa seli.

"Sijawahi kupata papa wa namna hiyo," nikasema.

Mwalimu akacheka kidogo, akidhani natania. "Lakini Saru amemchora, Mama."

"Huyu mtoto ana mawazo mengi. Anasoma sana vitabu. Atakuwa alimchora kutoka kitabuni."

Hukulia. Ningependa ungelia. Uliniangalia kama mtu anayesubiri mwenzake amalize mzaha. "Mama, pua iko darini."

"Pua gani?"

Daktari akakuuliza kama unaweza kuileta. Ukakimbia, kwa miguu, jua lile, mpaka nyumbani na kurudi. Na mimi nikakaa pale na watu wazima wawili, nikijua hakuna kitu darini, nikawakaangia samaki ili wale wakati wanasubiri. Ulirudi vumbi mpaka magotini. Mikono mitupu. Ulinyoosha tu vile viganja.

"Labda paka," nikasema.

Hapo nilijikwaa. Muda mfupi uliopita nilisema hakuna pua, sasa paka wameichukua. Daktari alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani amenishika. Lakini alifunga daftari lake, akaomba ile karatasi yenye mchoro wako, akashukuru kwa samaki, akaondoka. Mwalimu Mghanga hakunisalimia tena mpaka mwaka ule ulipokwisha, na alikuwa na haki.

Yaliyokupata shuleni unayajua kuliko mimi. Najua walikuita Papa Sita. Najua uliacha kuchora. Daftari lile uliliwashia jiko, mimi nikikuangalia tu. Ulibaki mtoto mwema, ukaendelea kunisaidia kila likizo, na kila boksi la Bakari lilipofunguliwa ulitazama chini kabisa, kisha ukaniangalia mimi haraka, kama unayeomba radhi. Mara ngapi nimetaka kulitupa boksi lile barabarani.

Usidhani nilikaa bure. Ngoja nikuchekeshe kidogo. Ulipokuwa fomu thrii, muhula wa pili, uko bwenini, nilimwita Mzee Nyambu anayechimba vyoo aje afukue lile shimo la zamani. Tulikuwa tumeshalifunga kwa udongo. Nikamwambia baba yako nimeangusha hereni ya marehemu mama. Mzee Nyambu alichimba siku mbili akiwa amejifunga kitambaa puani, na mimi nimesimama na chekeche kama mtu anayetafuta dhahabu. Tukapata ndara moja, kijiko, betri za redio, kichwa cha mwanasesere wako. Siku ya pili akaweka jembe chini akaniuliza, "Mama Saru, hii hereni ilikuwa ya namna gani?"

"Ndefu," nikasema. "Ina meno."

Alinitazama, akakusanya vyombo vyake, akaenda. Mpaka leo tukikutana sokoni anavuka barabara. Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba papa hana mfupa wa kweli, mwili wake wote ni gegedu, kama sikio. Shimoni huoza na kuisha. Kwa hiyo nilikuwa nachekecha kitu kilichokwisha kitambo.

Bakari nilimsumbua mpaka akaacha kupokea simu zangu. Aliponijibu alisema samaki wale walikuwa wametoka kwa watu watatu tofauti na hakumbuki nani alileta nini. Ile safari niliyosema naenda mazishini Salaita, hakukuwa na mazishi. Nilikwenda pwani ya kusini, kwenye wavuvi wanaotupa mishipi mirefu kwenye maji ya kina. Nimesimama pale ufukweni na viatu vyangu vya kanisani, naeleza kwa mikono: pua, meno, ndevu. Mmoja wao, mzee mwenye jicho moja zima, akacheka.

"Huyo? Huyo tunamjua. Unaweza kukaa mwaka mzima usimwone. Anakata mishipi, nyama kidogo. Tunamtupa."

"Mnamtupa wapi?"

"Baharini, mama. Unataka tumtupe wapi?"

Saru, nilitaka kukaa mchangani nilie. Wanaomwona hawamjui thamani, na wanaomjua thamani hawamwoni. Na kati yao niko mimi, niliyempata mkononi, na aliyemjua nilimzaa mwenyewe. Nilimwachia namba ya simu. Baada ya miezi saba akapiga, amempata. Nikapanda basi siku hiyo hiyo na boksi la barafu mapajani. Alichokuwa nacho ni msumeno wa papa upanga, mkavu, mkubwa, wa zamani, uliokuwa umetundikwa ukutani kwa babu yake. Hauna ndevu. Aliupangusa vumbi, akaniambia huu ni bora zaidi, ni mkubwa. Nikamshukuru. Nikamwaga barafu pale njiani nikarudi.

Sikukuambia lolote. Kila mara nilijiambia: nikimpata mwingine nitamletea, na hapo nitasema. Nilitaka kuja kwako na samaki mkononi ili nisije na uongo peke yake. Nadhani huo nao ulikuwa woga, ila umevaa nguo nzuri. Kama kuna kitu kimoja nimejifunza ni hicho, na nimekichelewa: nilikuwa naita matengenezo kitu ambacho kilikuwa kuahirisha.

Na pengine ningeendelea hivyo mpaka kaburini kama si ile siku ya mahojiano yako.

Ulikuwa umekodi kile chumba cha kompyuta mjini, nami nilikuja kukuletea chai. Mlango haukufungwa sawasawa. Wale walimu wa chuo cha Afrika Kusini walikuwa kwenye skrini, na walikuuliza kwa Kiingereza kilichoanzisha hamu yako ya samaki. Kiingereza changu si kingi, lakini hicho nilikisikia. Ukasema kwamba zamani, ukiwa mdogo, ulidhani umeona papa mwenye mipasuo sita. Wakauliza, ulidhani? Ukacheka kile kicheko chako kipya ambacho sikipendi. Ukasema ulikuwa mtoto, ulihesabu vibaya.

Chai ile nilimpa mlinzi. Sikuweza kuingia.

Uliihesabu mara tatu, Saru! Nilikuwepo. Kulia, kushoto, na kulia tena. Kidole chako kilikuwa kinaingia katika kila mpasuo, na mimi nilikuona. Nilijua nimekuaibisha mbele ya watu, nilijua nimekunyima kitu. Sikujua kwamba nimekufanya usiyaamini macho yako. Sasa unakwenda kusomea kazi ambayo yote ni kutazama na kuhesabu, na mzigo wa kwanza unaobeba ni wangu.

Wiki mbili zilizopita, ile Alhamisi niliyosema naenda kuona bei za friza, nilikwenda Mombasa ofisini kwa Daktari Athumani. Nilisubiri tangu asubuhi. Alikuwa amenenepa na hakunikumbuka mpaka nilipotaja Voi. Nikamwambia yote, nimesimama, maana nilijua nikikaa nitapunguza. Friza ya jirani, Mwakisha, choo.

Alikasirika. Sikutegemea, nilidhani watu wa vitabu hawakasiriki. Alipiga meza. "Mama, unajua mimi sijawahi kumshika mmoja? Miaka yote hii kazini. Naletewa vipande, naletewa hadithi. Ile pua ingetosha. Pua peke yake!"

"Najua."

"Hujui."

Nikakubali kwamba sijui. Kisha akavuta droo, akapekua faili, akatoa karatasi yako. Mchoro wako, Saru, na ile alama ya mafuta ya kibandani kwenye pembe. Ameutunza miaka yote minne.

"Nilijua siku ile ile kwamba unaficha kitu," akasema. "Paka wako walinichekesha. Lakini bila kielelezo mkononi siwezi kuandika lolote. Huu mchoro sikuutupa kwa sababu moja." Akaweka kidole katikati ya msumeno. "Hizi. Mtu anayebuni papa humwekea meno makubwa, humwekea macho ya kutisha. Hakuna anayebuni ndevu, tena akaziweka mahali penyewe. Huyu mtoto alimwona."

Nikamwomba aniandikie hilo. Akakataa, akasema maoni yake si ushahidi. Nikamwambia basi mimi nitaandika. Akanipa karatasi, nikaandika kwamba mimi, niliyemnunua, kumkata na kumuuza, nathibitisha kuwa binti yangu alihesabu mipasuo sita kila upande mbele yangu, na kwamba nilidanganya. Nikaweka sahihi na namba ya kitambulisho. Akaisoma mara mbili.

"Mama, karatasi si samaki."

"Naelewa. Iweke pamoja na mchoro."

Akaiweka. Hakuniahidi kitu, wala hakunisindikiza mlangoni. Kwenye basi nilitegemea kujisikia mwepesi, kama wanavyosema watu wakiungama. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia mwenye hasira tu, kwa sababu ilinichukua saa tano za safari kwenda na kurudi kufanya kitu ambacho ningefanya kibandani kwa neno moja.

Kwa hiyo sina samaki wa kukupa. Wala sikuombi usahau, maana ukisahau utarudi kwenye kile kicheko. Ningependa ukasirike vizuri, mpaka mwisho, kisha uwaambie wale walimu kwamba walipokuuliza ulijibu vibaya. Mwambie yeyote atakayekuuliza: sita. Wakitaka kielelezo, waambie mama yako alikitumbukiza chooni Voi. Litaje jina langu.

Nasikia baba yako anaongea na mtu pale nje, nadhani ni wewe umerudi, na nilikuwa bado nina mengi. Nilipoanza nilipanga kuificha barua hii chini ya nguo zako uikute huko, ukiwa mbali na mimi niko salama. Nimebadilisha mawazo nikiandika ukurasa huu. Nitakupa mkononi sasa hivi, kabla ya chakula. Nenda chumbani uisome. Mimi nitakuwa hapa hapa jikoni, mlango wazi, sitatoka kwenda kwa jirani wala sitajifanya nina kazi. Ukitaka kunigombeza, njoo. Ukitaka kesho baba yako akupeleke steshenini peke yake, mwambie, nami sitauliza kwa nini.

Mimi niliyekuona ukihesabu,

Mama yako.